Mishale ya Saa ya Zamani Isiyong'aa Tena: Kuihifadhi, Kuijaza Upya au Kuibadilisha

Maswali ya wanaoanza hayabadiliki. Saa ya marehemu babu haing'ai tena usiku, nipake rangi gani? Rangi ya mishale imepasuka, je, itadondoka ndani ya mashine? Fundi mmoja mjini anataka kuikwangua kwa wembe, nimruhusu? La mwisho jibu lake ni hapana, na sababu utaikuta hapo chini. Hayo mengine yanataka maelezo, kwa sababu kazi haianzi na kununua rangi. Inaanza na kujua ni rangi gani iliyomo ndani ya mishale yako sasa hivi.

Mwongozo huu unashika msimamo mmoja: hifadhi kwanza, jaza upya ukilazimika, badilisha ukikosa njia nyingine. Mishale iliyopata umanjano sawasawa na nukta za uso wa saa ni mali. Mwanga wa kusomea saa usiku unao kwenye simu yako, lakini umri wa rangi ukishaukwangua hakuna duka linalouuza.

Tambua rangi kabla hujafungua kitu

Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Radiamu ilitumika tangu miaka ya 1910 hadi miaka ya 1960. Ilichanganywa na salfaidi ya zinki, na mionzi yake ndiyo iliyoiwasha zinki hiyo usiku kucha bila kuhitaji jua. Leo haing'ai kwa sababu zinki imechoshwa na mionzi, si kwa sababu radiamu imeisha. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600, kwa hiyo iliyopakwa mwaka 1945 ipo karibu yote. Dalili zake: rangi ya kahawia au ya tope, iliyokauka na kupasuka, na mara nyingine kivuli cha kahawia kilichounguzwa kwenye uso wa saa pale mshale uliposimama kwa miaka mingi.

Tritiamu ilichukua nafasi yake kuanzia miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1990. Hii hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo saa ya 1975 imebakiwa na chini ya asilimia 7 ya nguvu yake. Saa za Uswisi huionyesha kwa herufi T chini ya namba 6: «T SWISS T», «T SWISS MADE T» au «SWISS T<25». Rangi yake huelekea umanjano wa maziwa.

Aluminati ya strontiamu haina mionzi kabisa. Kampuni ya Nemoto ya Japani iliitoa mwaka 1993 kwa jina LumiNova, na ile ya Uswisi inaitwa Super-LumiNova. Hula mwanga mchana na kuurudisha usiku kwa saa kadhaa. Poda mpya utakayonunua leo ni ya aina hii.

Jaribio ni rahisi na saa inabaki imefungwa. Chukua tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ile wanayotumia mawakala wa pesa za simu na wabadilishaji fedha kukagua noti. Imulike saa kwa sekunde 30, zima, kisha angalia gizani. Ikiendelea kuwaka kijani kwa dakika nyingi, ni aluminati. Ikififia ndani ya sekunde chache au dakika moja hivi, pengine ni tritiamu. Ikizimika papo hapo na tochi, au isiwake kabisa, ichukulie kuwa radiamu mpaka ithibitike vinginevyo.

Hapa pana mtego unaowakamata wengi. Neno «SWISS» peke yake chini ya namba 6 limetumika vipindi viwili: kabla ya tritiamu, na tena mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya tritiamu kuachwa. Cha kwanza ni cha radiamu, cha pili ni cha LumiNova. Umbo la saa litakuambia ni ya kipindi gani. Ukiona kioo cha plastiki kilichovimba na mishale ya bluu, usijipe moyo kuwa ni ya 1998. Saa za Kijapani hazifuati alama hizi za Uswisi, kwa hiyo kwa Seiko au Citizen ya zamani tegemea tochi, na ukiwa na shaka kaa upande wa tahadhari. Angalia pia kama mishale imewahi kubadilishwa: uso wenye T na mishale inayowaka usiku mzima havikutoka kiwandani pamoja.

Kama ni radiamu, ishia hapa

Usiifungue nyumbani. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mdomoni au puani, na vumbi hilo ndilo wembe wa yule fundi utakalotoa. Miaka ya 1920 wasichana waliopaka nyuso za saa kiwandani huko Orange, New Jersey, walichongoa brashi kwa midomo yao. Wengi waliharibika taya na mifupa, na baadhi walikufa. Mafundi wetu wanaolamba brashi au kijiti wanarudia tendo lile lile.

Saa ya radiamu iliyofungwa vizuri iweke mahali penye hewa, mbali na kitanda na mbali na watoto. Radiamu hutoa gesi ya radoni, kwa hiyo usikusanye saa kumi za namna hiyo ndani ya droo moja ya chumba cha kulala. Ukitaka mishale yake ibadilishwe, mpelekee fundi mwenye glovu, barakoa, meza ya kufuta kwa maji na kipimo cha mionzi, na umweleze mapema kuwa ni radiamu. Mishale iliyotolewa haitupwi kwenye takataka wala haichomwi moto. Itiwe kwenye chupa ndogo yenye kifuniko, iandikwe jina, na ushauri wa kuiondoa uombwe Atomic Energy Council, mamlaka ya serikali ya Uganda inayosimamia mionzi chini ya sheria ya mwaka 2008.

Hatua zote zinazofuata ni za tritiamu na aluminati tu.

Vya kuwa navyo mezani

Mashine ya saa lazima itoke kwenye kasha kabla ya kugusa mishale. Kama hujawahi kuitoa, mlipe fundi akutolee, kisha ukae naye umwone anavyochomoa knobu. Kujifunza hilo na kujifunza kujaza rangi siku moja ni kutafuta hasara.

- Nyenzo mbili ndogo za kung'olea mishale, zilizochongoka na kulainishwa ncha
- Kibano cha shaba au cha plastiki; cha chuma kikali hukwaruza
- Lenzi ya jicho yenye kukuza mara 5, na nyingine ya mara 10
- Kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) safi cha kufunika uso wa saa, kilichokatwa mfereji katikati
- Vijiti vya meno vya mti, na sindano nyembamba ya insulini iliyokatwa ncha ikawa butu
- Bomba la sindano la mililita 1 kutoka duka la dawa, la kupimia
- Poda ya aluminati ya kupakia saa, vanishi yake, na thina iliyotajwa na muuzaji wa vanishi hiyo
- Spiriti ya duka la dawa na karatasi laini
- Glovu nyembamba za nitrili, na barakoa ya N95 kwa kazi ya tritiamu
- Pampu ya mpira ya kunyonya kamasi za mtoto, mpya, ya kupulizia vumbi
- Kipande cha kioo cha dirisha cha kuchanganyia, na bakuli la kioo la kufunikia

Poda yenyewe huagizwa kutoka nje. Poda za kung'aa zinazouzwa Kampala kwa ajili ya kucha na mapambo ya gundi ya resini zina chembe kubwa mno: kwenye mshale wenye upana wa milimita moja zinaonekana kama mchanga. Gramu moja ya poda nzuri inajaza mishale ya saa nyingi, usinunue zaidi. Itunze kwenye chupa iliyobana pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwa sababu unyevu huivunja aluminati na kuimaliza nguvu.

Asetoni usiiweke karibu. Huondoa rangi kwenye mishale iliyopakwa nyeupe au nyeusi, na tone moja likidondokea uso wa saa, hutaweza kulirudisha. Kiondoa rangi ya kucha mara nyingi ni asetoni yenye mafuta na manukato, nacho ni kibaya zaidi.

Kutoa mishale

1. Piga picha tatu: mwanga wa dirisha, mwanga wa tochi ya urujuanimno, na picha ya ubavuni ukiweza. Utaihitaji ya ubavuni kujua mishale ilikaa kwa kimo gani.

2. Tandika kitambaa cheupe kilicholowekwa maji kidogo kwenye meza, funga feni, funga dirisha la upande wa barabara. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali na rangi mbichi hulinasa.

3. Zungusha knobu hadi mishale yote miwili isimame juu ya namba 12, yaani saa sita kamili. Ikiwa saa ina tarehe, endelea hadi tarehe ibadilike kabisa. Tandaza kaveera juu ya uso, mfereji wake ukipita kwenye shina la mishale.

4. Kama vipande vya rangi vimeanza kutikisika ukivitazama kwa lenzi, usinyanyue bado. Gusisha tone dogo mno la vanishi iliyozimuliwa kwa thina (vipimo vyake viko hatua ya 7) pale rangi inapokutana na chuma, upande wa mbele, kisha ngoja saa 24. Rangi inaweza kuwa nyeusi kidogo. Ukubali hilo, kwani kipande kikidondoka kitaingia chini ya uso wa saa na kukutafutia kazi ya pili.

5. Toa mshale wa sekunde kwanza, kisha ile miwili kwa pamoja. Ingiza nyenzo pande mbili zinazoelekeana, upande wa namba 3 na wa namba 9, chini kabisa ya kitovu cha mshale wa saa. Bonyeza zote mbili kwa nguvu sawa, polepole. Ukibonyeza upande mmoja, shina hupinda. Funika kwa kaveera ya pili juu yake, maana mshale ukiachia huruka.

6. Laza mishale kifudifudi juu ya kipande cha kioo na uifunike bakuli. Usiibandike kwenye Rodico, ulimbo laini wa kusafishia saa, wala ulimbo mwingine wowote: ukija kuibandua, rangi inabaki kwenye ulimbo.

Kuhifadhi rangi ya zamani

Kazi ikiwezekana, ikomee hapa. Rangi iliyopasuka lakini ikabaki mahali pake haihitaji kutolewa, inahitaji kushikwa kwa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki.

7. Changanya vanishi ya kushikizia: mililita 0.1 ya vanishi kwa mililita 0.4 ya thina. Lazima iwe nyepesi kiasi cha kupenya yenyewe kwenye nyufa. Jaribu kwanza tone moja kwenye kioo. Ikiwa nyeupe au ikaganda mabonge, thina hiyo haipatani na vanishi hiyo. Thina ya rangi za magari hufanya hivyo mara nyingi.

8. Chovya ncha ya sindano, ifute nje, kisha iguse mpaka wa rangi na chuma upande wa nyuma. Usipake, gusa tu. Utaona kwa lenzi unyevu ukitambaa wenyewe ndani ya ufa hadi mwisho wake. Ukiona vanishi imefika mbele na kung'ara, umezidisha.

9. Ngoja dakika 10, rudia mara moja. Mara ya tatu mara nyingi ni kuharibu. Acha ikauke saa 24 chini ya bakuli. Kwenye miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ipe saa 48.

10. Jaribu kwa kugonga kioo kidogo kwa ncha ya kibano karibu na mshale. Hakuna kipande kinachotikisika? Umemaliza, nenda hatua ya 18.

Usitumie gundi ya papo hapo kwa kazi hii, hata ukiambiwa inashika zaidi. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya chuma, uso wa saa na kioo, na ukungu huo hautoki kirahisi. Rangi ya kucha isiyo na rangi nayo hunywea ikikauka, ikaivuta rangi ya zamani na kuipasua upya.

Kujaza upya

Hii ni ya mishale iliyopoteza rangi yote, au iliyobakiwa na makombo tu.

11. Vaa glovu na barakoa. Weka mshale kifudifudi juu ya karatasi iliyolowa, tone la maji juu ya rangi, ngoja dakika 5. Sukuma rangi kutoka mbele kwenda nyuma kwa kijiti cha meno kilicholowa. Kila kipande kiangukie kwenye karatasi iliyolowa. Rangi kavu ya tritiamu haikwanguliwi hata mara moja. Karatasi yote ikunjwe ikiwa bado imelowa, ifungwe ndani ya kaveera mbili, na ikae mbali na watoto, usiichome.

12. Suuza mshale kwa spiriti, ukaushe mara moja kwa pampu. Mishale ya chuma cha bluu hupata kutu ndani ya muda mfupi ikiachwa na maji. Angalia kingo za tundu linalobeba rangi kwa lenzi ya 10. Mabaki yoyote yatazuia rangi mpya kukaa sawa.

13. Tengeneza rangi ifanane na nukta za uso. Poda mpya ni nyeupe yenye ukijani, na ukiitia hivyo hivyo kwenye saa ya miaka ya 1970 itaonekana kama jino la bandia. Ongeza rangi ya unga ya wasanii, njano na kahawia, kwa ncha ya kijiti, kidogo kidogo. Usitumie rangi za maji: zinaleta unyevu kwenye aluminati na hazichanganyiki na vanishi. Kahawa na chai, wanavyoshauriana watu, hufanya madoa na kupauka. Kumbuka kila punje ya rangi unayoongeza inapunguza mng'ao, kwa hiyo ukitaka umanjano mzito, kubali mwanga hafifu.

14. Paka sampuli tatu kwenye kioo, za viwango tofauti, ziache zikauke kabisa, kisha uzilinganishe na uso wa saa kwenye mwanga wa dirisha. Taa ya balbu hudanganya, na rangi mbichi si rangi kavu. Watu wengi huruka hatua hii kwa haraka, halafu wanaanza upya hatua ya 11.

15. Sasa mchanganyiko wenyewe. Poda kiasi cha kichwa cha kiberiti, vanishi kiasi hicho hicho kwa ujazo. Koroga kwa ncha ya sindano kwa mviringo, taratibu, ili usiingize hewa. Ongeza tone la thina ikihitajika hadi ukiinua sindano kibaki kichwa kidogo kinachozama ndani ya sekunde moja. Ikitiririka, haitashika tundu. Ikivuta nyuzi, imeshakauka. Itupe uchanganye nyingine. Una kama dakika 10 za kufanya kazi.

16. Shika mshale kifudifudi kwa kibano kwenye kitovu. Chukua tone kwa sindano, liguse upande mpana wa tundu, kisha livute hadi ncha nyembamba kwa mwendo mmoja. Tone litatanda lenyewe kutoka ukingo hadi ukingo kwa mvuto wake, mradi usisimame katikati. Likikatika, usirudie juu yake; safisha kwa spiriti uanze upya. Ukijaza kutoka nyuma, upande wa mbele unabaki bapa, kingo za chuma zinaonekana safi, na ndivyo viwanda vilivyofanya.

Kuhusu unene: upande wa nyuma rangi isivimbe kupita unene wa mshale wenyewe. Mshale wa dakika wenye tumbo utaukwaruza ule wa saa unaopita chini yake. Wa sekunde uwe na rangi kidogo zaidi ya yote, kwani uzito ukizidi upande mmoja unaivuta mashine.

17. Ukaushe kifudifudi chini ya bakuli, saa 24. Usiharakishe kwa jua la mchana wala kikausha nywele; uso huganda kabla ya ndani na kupasuka.

Kurudisha, au kuweka mishale mingine

18. Anza na mshale wa saa, kisha wa dakika, mwisho wa sekunde. Zungusha kwanza knobu hadi tarehe iruke, usimame papo hapo. Weka wa saa ukiangalia namba 12, na wa dakika juu yake. Bonyeza kwa kifaa chenye kichwa bapa cha plastiki, moja kwa moja kwenda chini. Shina la sekunde ni jembamba mno, 0.25 mm kwa mashine ya Uswisi ETA 2824-2 na 0.17 mm kwa ile ya Japani Miyota 8215. Ukilikosa likapinda, kazi imehamia kwa fundi.

19. Zungusha mishale mzunguko mzima wa saa 12 huku ukitazama ubavuni kwa lenzi. Kila kukutana kuwe na upenyo wa mwanga. Baada ya hapo igonge mashine kidogo kwenye kiganja mara kumi. Barabara ya mashimo juu ya boda boda itaijaribu vikali zaidi, na mshale uliobanwa nusu huachia hapo.

Ukilazimika kubadilisha, pima matundu ya vitovuni kabla ya kununua, usikisie kwa jicho. ETA 2824-2 inataka tundu la 1.50 mm kwa mshale wa saa, 0.90 mm kwa dakika. Miyota 8215 inataka 1.50 na 1.00. Mafundi wa katikati ya Kampala wana makopo yaliyojaa saa zilizokufa. Tafuta humo mishale ya saa ya umri mmoja na yako kabla ya kuagiza mipya, na uimulike kwa tochi kabla hujalipa, kwani makopo hayo yana radiamu pia. Urefu: wa dakika ufike kwenye mistari ya dakika, wa saa uishie pale nukta zinapoanza. Tundu dogo fundi hulipanua kwa riima, kubwa hulibana. Kulibana mwenyewe kwa koleo ni kulipasua. Mishale ya zamani usiitupe. Itie kwenye kifuko, uikabidhi pamoja na saa siku utakapoiuza.

Ikigoma

*Rangi ina vishimo vidogo vidogo.* Ulikoroga kwa nguvu, hewa ikaingia. Mchanganyiko ujao uache dakika moja kabla ya kuutumia. Vishimo vilivyoko nyuma viache, havionekani.

*Inang'aa kwa dakika tano tu.* Ama rangi ya unga imezidi, ama vanishi imezidi poda, ama poda imeshika unyevu. Mulika poda kavu iliyobaki kwenye chupa: nayo ikififia haraka, shida ni poda. Kama poda inawaka vizuri, punguza vanishi.

*Mshale wa dakika na wa saa vina rangi tofauti.* Vilijazwa kwa michanganyiko miwili. Mishale yote ya saa moja hujazwa kwa mkorogo mmoja, siku moja.

*Rangi imeshuka katikati na kuacha bonde.* Thina imezidi. Kama limekauka na halivuji, pitisha safu nyembamba ya pili kutoka nyuma baada ya saa 24.

*Kuna ukungu ndani ya kioo baada ya kufunga saa.* Vanishi haikukauka na mvuke wake umenaswa. Fungua, iache chini ya bakuli siku mbili, futa kioo, funga tena.

*Tarehe inabadilika saa tisa usiku.* Ulikosea hatua ya 18. Mshale wa saa peke yake utolewe na kurudishwa, wa dakika ukishatolewa juu yake.

*Saa inasimama.* Tazama inasimama wapi. Ikisimama saa saba na dakika tano, siku nyingine saa nane na dakika kumi na moja, mishale miwili inagusana kila inapopishana: inua wa dakika kidogo au punguza tumbo la rangi yake kwa kijiti chenye thina. Ikisimama mahali pamoja tu kila mara, mshale wa saa unagusa nukta iliyoinuka ya uso. Ikisimama popote, si mishale. Ni mashine inayotaka mafuta.